Wa Kazini Wako Wapi?

Bodi ilipomwambia Nanyama kwamba imemtafutia kocha, alijua amefukuzwa kazi, ila kwa adabu. Alikaa wima kitini, akatabasamu, akasema asanteni sana, na moyoni akaanza kupakia vitu vyake kwenye katoni.

"Si adhabu, mama," alisema Mzee Wandera, mwenyekiti wa bodi, mtu ambaye hata habari ya msiba huitoa kwa sauti ya kuwakaribisha watu chai. "Wakubwa wengi siku hizi wanapewa kocha. Ni mtu tu wa kukusaidia kufikiri."

Kumsaidia kufikiri! Nanyama aliyameza maneno hayo kama dawa ya minyoo. Yeye aliyeingia kampuni hiyo ya kufuga ngege akiwa wa kuwatupia samaki chakula kwa mkono, akapanda hadi akawa kaimu mkurugenzi, leo atafutiwe mtu wa kumsaidia kufikiri!

Lakini Mzee Wandera alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na jina. Walter Ogola, meneja wa vizimba, mtu aliyesimamia nyavu zote zilizoelea ziwani mbele ya Usenge pamoja na samaki waliokuwa ndani yake, alikuwa amesema kwamba Novemba ikiisha ataondoka. Hakusema kwa hasira. Alisema kwa upole, na upole wa aina hiyo ni mbaya kuliko matusi. Kila mtu alijua kwamba akienda, wengi wa vizimbani watamfuata, maana watu wa ziwani humfuata mtu, hawafuati kampuni. Bodi nayo haikuficha msimamo wake. Mkurugenzi aliyeshindwa kukaa na Ogola hawezi kukabidhiwa kampuni. Ogola akiondoka, ukaimu wa Nanyama ungeishia hapo, na mwingine angetafutwa Nairobi.

Kocha alikuja Jumanne, katika ofisi za Milimani, Kisumu. Nanyama alikuwa amejiandaa kupokea mtu wa suti na kompyuta, wa kuchora mishale ukutani. Akaingia mama wa makamo mwenye mwili wake, amevaa raba nyeupe chini ya gauni la kitenge, mkononi ana njugu zilizofungwa kwenye karatasi, alizonunua pale nje ya geti. Jina lake Perez. Alikuwa amesimamia watu benki kwa miaka mingi kabla ya kuacha na kusomea kazi hii ya kuwanoa viongozi.

"Yale tutaongea hapa yatabaki hapa," alisema kabla hata hajaketi. "Mzee Wandera ndiye amenileta, lakini kwangu hatasikia hata neno."

Nanyama aliitikia kwa kichwa, asiamini hata chembe. Ndugu zangu, nani asiyejua wapelelezi wanavyoanza?

Kumbe shida ya Perez haikuwa upelelezi. Shida yake ilikuwa kwamba hakusema kitu. Aliuliza swali moja, kisha akanyamaza akitafuna njugu zake taratibu, akikutazama kwa macho ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nanyama hakuwahi kuuvumilia ukimya maishani mwake. Kwake ukimya ulikuwa kama sufuria iliyoachwa bila mfuniko, lazima mtu aifunike. Basi kila Perez aliponyamaza, yeye alimmiminia chai. Siku hiyo ya kwanza kocha aliondoka amejaa chai mpaka shingoni, na Nanyama akabaki na malalamiko yake yote juu ya Ogola, ameyasema moja baada ya jingine, bila kuambiwa afanye nini.

Mara ya pili Perez aliomba kuketi katika mkutano wa Jumatatu wa wakuu wa idara. Akakaa nyuma, karibu na dirisha. Waswa wa stoo akafungua kwa maombi. Kisha Nanyama akasema yatakayofanyika wiki hiyo, akaeleza kwa nini, akaeleza na jinsi, akamalizia kama alivyozoea: "Au mnaonaje?"

"Ni sawa, Madam," wakaitikia wote. Ogola naye aliitikia, akiangalia kiganja chake.

Walipobaki wawili, Perez aliuliza, "Wakikuambia ni sawa, huwa unasikia nini?"

"Nasikia ni sawa."

Perez akatia njugu mdomoni. Nanyama akainua birika, akakuta halina kitu.

"Mara ya mwisho Ogola kukukatalia jambo ilikuwa lini?"

Hapo Nanyama ilibidi afikiri kweli. Zamani Ogola alikuwa akimkatalia kila siku. Walikuwa wakigombana pale ufuoni hadi wanawake wanaoanika dagaa wa omena wanaacha kazi kusikiliza, kisha wanacheka wote na ugomvi unaishia hapo. Yule Ogola alikuwa ameenda wapi? Huyu wa siku hizi alijibu "ni sawa" kama karani wa mahakama.

"Ni tangu amzike mama yake," alisema mwishowe. "Mwezi wa tatu. Alirudi matangani akiwa mtu mwingine. Mimi nikasema ni majonzi."

"Ulienda mazishi?"

"Sikwenda." Nanyama aliharakisha. "Lakini nilifanya kitu kizuri kuliko kwenda. Wiki ile maji ya ziwa yalikuwa mabaya, Madam Perez, samaki wanakosa hewa, na mimi ndiyo nilikuwa nimeanza kukaimu. Nikasema, huyu mwenzangu anazika mamake, asizike huku anawaza samaki. Nikavaa gambuti, nikaingia boti mwenyewe. Jumamosi nzima nilimfanyia kazi yake. Na nikatuma dereva na bahasha na shada la maua."

"Ogola anajua?"

"Mimi sijamwambia. Wema hautangazwi."

Wema hautangazwi! Ukweli wa Mungu ni kwamba Nanyama alikuwa ameungoja wema huo utangazwe na watu wengine. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akisubiri Ogola aje ofisini, akae, aseme, Madam, nimesikia ulichonifanyia. Ogola hakuja, na kila mwezi uliopita kinyongo cha Nanyama kilikuwa kinanenepa.

Perez alitafuna njugu moja hadi ikaisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwenu Kimilili, mtu akizika mzazi, na mkubwa wake wa kazi asionekane, watu husemaje?"

Swali hilo lilimrudisha Nanyama Kimilili. Alimwona baba yake. Baba alikuwa mpishi wa shule, na siku alipozikwa mvua ilinyesha hadi magari yakakwama barabara kuu. Mwalimu mkuu alikuja kwa baiskeli, suruali imekunjwa hadi magotini, matope hadi kiunoni. Mshereheshaji alipoita, "Wa kazini wako wapi?" mwalimu yule alisimama akiwa katika hali hiyohiyo, akasema maneno machache tu, akaketi. Kwao bado wanaisimulia habari hiyo. Aliyetuma shada la maua siku ile, kama yupo, hakuna amkumbukaye.

Machozi yalimjia bila kubisha hodi. Perez hakumbembeleza wala hakumtazama kwa huruma. Alimsogezea tu karatasi ya njugu.

"Sasa nifanye nini?" Nanyama aliuliza.

"Unataka kufanya nini?"

"Aa! Madam Perez! Kwani unalipwa kuuliza tu?"

Perez alicheka hadi raba zake zikainuka sakafuni. Lakini hakujibu. Nanyama mwenyewe ndiye aliyesema, baada ya kupenga kamasi, kwamba ataenda Usenge kutoa pole, ingawa imechelewa mno. Kisha akaanza kupanga maneno. Angemweleza Ogola juu ya maji mabaya, gambuti, boti na ile Jumamosi nzima juani, ili ajue kwamba hakudharauliwa.

"Unaenda kumpa pole," Perez aliuliza, "ama unaenda kumpa maelezo?"

Swali hilo lilimkaa Nanyama rohoni wiki nzima kama mwiba wa samaki kooni.

Jumamosi aliendesha gari mwenyewe hadi Usenge, akiwa na sukari, majani ya chai, unga na mikate. Omena walikuwa wameanikwa kandokando ya njia, na wanunuzi walikuwa wakibishana bei. Nyumbani kwa Ogola alipokewa na mkewe, Sheryl, aliyebaki mlangoni kwanza akimtazama, ndipo akakumbuka adabu. "Donji, Madam. Ingia ndani, karibu."

"Nitaingia, mama. Lakini kwanza naomba nimsalimie mama mkwe wako."

Ogola alitoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono. Alimtangulia hadi kaburini, upande wa kushoto wa boma, udongo ukiwa tayari umeshikana na nyasi zimeanza kuota. Wakasimama.

"Ogola," Nanyama alisema, "nimechelewa. Pole sana kwa mama. Nilipaswa kuwa hapa siku ile na sikuwa."

Akamaliza. Maelezo yote, ya maji na boti na gambuti, yalimpanda kifuani, yakafika kooni, yakagonga meno. Laiti mngemwona! Alibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hapa hapakuwa na birika la kujificha nyuma yake. Kuku akapita na vifaranga wake. Ufuoni injini ya boti ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nanyama akaendelea kunyamaza.

Ndipo Ogola akasema.

"Siku ile MC aliuliza, wa kazini wako wapi? Vijana wa vizimba wakasimama. Akauliza tena, na mkubwa wao ako wapi? Dereva wako akainua ile bahasha juu." Ogola aliinua mkono kuonyesha. "Watu walicheka, Madam. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini walicheka, na mama yangu amelala hapo."

Nanyama hakuweza kuinua macho.

"Na mimi najua ulikuwa wapi," Ogola aliendelea. "Ulikuwa kwangu, kwa vizimba. Winny alinipigia simu siku hiyohiyo akilia."

"Winny?"

"Winny, naibu wangu. Mama alipoanza kuwa mgonjwa, mimi nilianza kumfundisha Winny, kwa sababu nilijua hii siku inakuja. Nikamwambia, siku nitazika mama, wewe ndiye utakuwa mimi. Alikuwa tayari kabisa. Wewe ukakuja asubuhi, ukamwambia akae ufuoni akunje nyavu." Aliinama akaondoa jani kavu juu ya kaburi. "Kulisha samaki kulikuwa na mtu, Madam. Kusimama na mimi hapa ndiyo hakukuwa na mtu. Hiyo haina kaimu."

Basi Ogola alijua siku zote! Na maelezo yale ambayo Nanyama alikuwa ameyatunza kama zawadi, laiti angeyatoa, angempiga nayo mwenzake kofi la pili hapohapo kaburini. Alichokiita wema kilikuwa kimesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba msiba wa Ogola unaweza kuhudhuriwa na dereva, na kwamba mtu aliyeandaliwa na Ogola hafai. Alimkumbuka Perez na njugu zake, na shukrani ikamjaa kifuani hata akaogopa ataangua kilio. Kama si lile swali, angekuwa sasa hivi anaongea.

"Asante kwa kuniambia," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameanza kujifunza, akauliza, "Na ni nini kingine ambacho sijui?"

Ogola alimgeukia. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, akacheka. "Eish, Madam. Hayo ni mengi. Tuingie ndani, chai itapoa."

Yalikuwa mengi kweli. Nanyama aliyasikiliza hadi jua likapinda, mengine yakimchoma, mengine yakimchekesha, na hakueleza lolote ila pale alipoulizwa. Kuhusu kuondoka, Ogola hakusema kitu. Nanyama naye hakuuliza, ingawa swali hilo lilikuwa limekaa naye mezani kama mgeni wa tatu.

Jumatatu alimwita Winny mkutanoni, akamwomba radhi mbele ya wote, kwa sababu alimwaibisha mbele ya wote. Winny, msichana mrefu mwenye aibu nyingi, alitazama chini akasema imeisha, Madam. Kisha Nanyama akafanya jambo lililowatisha watu zaidi ya radhi yenyewe. Alitaja shida ya wiki hiyo, akauliza, "Mnaonaje?" akanyamaza. Watu walitazamana. Mmoja akatazama dari. Waswa, akidhani mkutano umekwisha, akaanza kuinamisha kichwa kwa ajili ya maombi ya kufunga. Nanyama alikalia mikono yake miwili ili isiende kwenye birika. Mwishowe Winny, huyohuyo mwenye aibu, akasafisha koo.

"Kusema ukweli, Madam, vile tunafanya si sawa."

Nanyama hajawahi kusikia maneno matamu kama hayo ofisini.

Perez aliendelea kuja hadi muda waliokubaliana ukaisha. Siku ya mwisho Nanyama alimpa jogoo, maana kwao mtu wa maana haondoki mikono mitupu. Perez alimbeba jogoo kwapani hadi kwenye gari lake dogo, askari wa geti akipiga saluti kwa wote wawili. Novemba ikaisha. Ogola akaja kazini tarehe ya kwanza ya Desemba, na ya pili, bila kusema lolote. Mzee Wandera akapiga simu kuuliza, na Nanyama akamjibu kwamba hajui, na kwamba hatamkimbiza mtu kwa swali hilo.

Jumamosi moja ya Desemba, familia ya Ogola ilifanya ibada ya kumwekea mama msalaba kaburini. Kampuni yote ilialikwa, na Winny akaachiwa vizimba. Nanyama alikuwa amekaa chini ya hema, katikati ya watu wake, sahani ya samaki magotini, simu ilipotetemeka mkobani.

"Madam, ni Winny. Maji yamegeuka huku upande wa nje. Samaki wanapanda juu kutafuta hewa."

Mnamjua Nanyama. Ufuo ulikuwa karibu, na gambuti zilikuwa kwenye buti la gari. Miguu yake ilikuwa tayari imeshasimama nusu. Akatazama upande wa familia, akakuta macho ya Ogola yamemkodolea. Ogola alikuwa ameona simu na uso, na alijua.

Nanyama akaketi.

"Wewe unaonaje, Winny?"

"Nishasimamisha chakula. Mashine za hewa zinafanya. Vizimba vya nje tunavivuta twende maji mazuri. Nilikuwa nakuambia tu, Madam, sikuwa naomba ruhusa. Samahani."

"Usiombe samahani. Endelea."

Akarudisha simu mkobani. Akammega samaki, akala. Ogola alimtazama akila hadi akamaliza.

Baadaye MC, yuleyule wa mwezi wa tatu, akashika maikrofoni. "Wa kazini wako wapi?" Wakasimama wote, na kabla MC hajauliza la pili, Ogola alikuwa ameshavuka uwanja na kumpokonya maikrofoni.

"Huyu mama mnamwona hapa ndiye mkubwa wangu," alisema. "Nilikuwa nimeamua kumwacha. Simwachi tena."

Makofi yakapigwa, kina mama wakapiga vigelegele, na Mzee Wandera, aliyekuwa amekaa na wazee, akaanza kutabasamu kama mtu aliyepikiwa chai. Nanyama alipewa maikrofoni. Yeye wa maneno mengi hakuwa ameandaa hata moja.

"Nilichelewa kumzika mama," alisema. "Leo nimekuja kumshukuru kwa mtoto aliyemlea." Akaketi.

Winny alipiga tena alasiri. Samaki wachache walikufa, wengi walipona. Nanyama alimpa Ogola simu aongee naye mwenyewe, akamsikia akimwambia naibu wake kwa Kijaluo maneno ambayo hakuyaelewa yote, ila alimwona akijifuta macho.

Akiwa njiani kurudi Kisumu, alishindwa kuvumilia. Akampigia Perez, akamsimulia kwa pumzi moja ibada, simu ya Winny na maneno ya Ogola.

"Madam Perez, asante. Asante sana. Ogola amebaki. Na wewe hukuwahi kuniambia hata kitu kimoja!"

"Winny alipokupigia, ulifanya nini?"

Habari zote hizo, na swali ndilo alilotoa huyu! "Nilikula samaki," Nanyama alijibu, na wote wawili wakacheka hadi simu ikakwaruza.

Kicheko kilipokwisha, Perez akanyamaza kama desturi yake. Nanyama hakuufunika ukimya huo. Akausikiliza. Na kwa kuusikiliza, akasikia pumzi ya mwenzake ni nzito, na hakuna njugu inayotafunwa. Ikampata kama maji baridi: miezi yote ile, huyu mama alikuwa amemuuliza maswali mangapi, na yeye je?

"Na wewe, Madam Perez?" aliuliza. "Wewe unaendeleaje?"

Kwenye simu kikasikika kiti kikivutwa.

"Eh," Perez alisema mwishowe. "Nanyama. Hiyo hakuna mtu ananiulizanga."

Nanyama akaegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akafungua dirisha.

"Niko na wakati," alisema. Kisha akanyamaza, akangoja.